Kukopa Arusi, Kulipa Matanga

Wazee wetu walinena kwamba kukopa ni arusi na kulipa ni matanga. Hakuna jamaa katika nchi yetu isiyoijua methali hii, lakini ni wachache waikumbukao siku ya arusi yenyewe. Fedha ya mkopo huingia nyumbani kwa furaha, tena siku hizi huingia upesi kwa simu ya mkononi, bila mdhamini, na bila mtu kuulizwa ataitumia kwa kazi gani. Matanga huja baadaye, wala hayamjii aliyekopa peke yake. Humjia mkewe ambaye hakuambiwa neno, na watoto ambao hufundishwa kumjibu mdai mlangoni kwamba baba hayupo, hali baba yumo chumbani.

Leo twapenda kutazama pamoja na ndugu wasomaji jinsi nyumba iliyoingia katika deni iwezavyo kutoka. Neno letu ni moja, na yaliyobaki ni kulieleza tu: deni la nyumba halimalizwi kwa mkopo mwingine, wala kwa kungojea bahati. Humalizwa baba na mama wakilijua deni lote kwa pamoja, wakipunguza matumizi kwa hesabu, na wakilipa kwanza lile linalokula zaidi.

Hatusemi kwamba kila deni ni baya. Mkulima akopaye mbolea kwa wakati wake, au fundi akopaye cherehani, deni lake lina kazi, nalo laweza kulipwa kwa matunda ya kazi hiyo. Lakini deni la kununulia sare ya arusi, au la kuwaonyesha majirani kwamba nasi tumo, halizai kitu. Sherehe yaisha Jumamosi, deni labaki mwaka mzima.

Hata mwenye kazi njema huweza kupotea akiipata fedha kwa masharti mabaya. Kule Kagera iko desturi iitwayo butura, ambayo kwayo mkulima aliyebanwa na shida huiuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei iliyo chini sana kuliko ile ya mavuno. Yeye hupalilia na kuilinda, na faida huenda kwa mwingine. Viongozi wameikemea desturi hiyo kwa miaka mingi, lakini makemeo hayatoshi maadamu mkulima hana akiba ya kumfikisha kwenye msimu.

Basi jambo la kwanza la kujifunza ni kuisoma riba. Mara nyingi riba hutajwa kwa mwezi, nayo huonekana ndogo. Huduma ya M-Shwari, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Akopaye mara moja na kulipa kwa wakati hatoi fedha nyingi. Lakini aurudiaye mkopo ule ule kila mwezi, mwaka ukiisha amekwisha kutoa asilimia 90 ya fedha aliyoishika mkononi. Na hiyo ni huduma iliyo wazi, ambayo ada yake hutajwa.

Wako wakopeshaji wengine ambao mikopo yao watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo latosha kuieleza. Baadhi yao hushika kadi ya benki ya mwalimu au ya mfanyakazi mwingine, pamoja na namba yake ya siri, wakautoa mshahara kabla mwenyewe hajauona. Tanzania inayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowataka wakopeshaji wawe na leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila kibali.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi au kubonyeza simu, yafaa kuuliza mambo matatu. Je, mkopeshaji huyu ana leseni? Je, jumla nitakayolipa ni shilingi ngapi? Je, nikichelewa, itaongezeka kiasi gani? Mtu asiyetaka kuyajibu hayo kwa maandishi, usikope kwake. Na namba ya siri ya benki haiwekwi rehani kwa mtu yeyote.

Lakini wengi wanaosoma maneno haya wamekwisha kukopa. Hao wafanyeje? Wachukue daftari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari huzidi bila habari. Baba na mama waketi pamoja jioni, watoto wakiisha kulala, na kila mmoja ayataje madeni yake yote: la dukani, la kikundi, la simu, la shemeji. Twajua kwamba hii ndiyo saa iliyo ngumu kuliko zote. Pengine mume hakumwambia mkewe juu ya mkopeshaji; pengine mke hakumwambia mumewe juu ya kikundi cha pili. Lakini deni lililofichwa halina wa kusaidia kulilipa. Anayelisikia kwa mara ya kwanza na azuie hasira yake, kwa sababu mwenzake akijuta kwamba amesema, siku nyingine atanyamaza.

Madeni yakiisha kuandikwa, swali hufuata: lipi lilipwe kwanza? Tuchukue nyumba moja ya mfano. Inadaiwa Sh. 200,000/- na mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, na riba isiyolipwa huongezwa juu ya deni. Inadaiwa pia Sh. 80,000/- dukani, na Sh. 120,000/- na shemeji, yote mawili bila riba. Jumla ni Sh. 400,000/-. Kwa kujinyima, nyumba hii imepata Sh. 100,000/- za kulipa kila mwezi.

Watu wengi wangeanza na mwenye duka na shemeji, kwa kuwa hao huwaona kila siku na huwaonea aibu. Wakifanya hivyo, miezi miwili yapita, na deni la mkopeshaji lafika Sh. 288,000/-. Watalimaliza mwezi wa saba, wakiwa wametoa riba ya zaidi ya Sh. 272,000/-, yaani kuliko fedha yenyewe waliyokopa. Lakini wakianza na mkopeshaji, mwezi wa tatu wamekwisha kumaliza habari yake, na mwezi wa tano wamewalipa wote. Riba yote waliyotoa ni Sh. 81,600/-. Mapato ni yale yale, na kujinyima ni kule kule kwa kila mwezi. Kilichobadilika ni utaratibu tu.

Lakini utaratibu huo wadai uungwana. Mwenye duka na shemeji wasiachwe gizani. Waendewe, waambiwe ukweli, na watajiwe mwezi watakaolipwa. Mdai aliyeambiwa tarehe na kulipwa tarehe hiyo huwa rafiki. Aliyekimbiwa huwa adui hata kama deni ni dogo.

Na zile Sh. 100,000/- zitatoka wapi? Hapa ndipo penye kubana matumizi, na twapenda mzigo huu usitupwe juu ya sufuria ya mama peke yake. Baba atumiaye Sh. 2,000/- kila siku kwa vinywaji au kwa kubashiri matokeo ya mpira, katika siku 30 ametumia Sh. 60,000/-. Vifurushi vya simu vya nyumba nzima vikipunguzwa, pengine hupatikana Sh. 10,000/-. Michango ya sherehe ikipunguzwa, pengine Sh. 25,000/-. Mafuta ya kula yakinunuliwa kwa lita badala ya kipimo, na mkaa kwa gunia badala ya kopo, pengine Sh. 15,000/-. Hizo ni Sh. 110,000/-. Bandu bandu huisha gogo.

Katika vijiji na miji midogo ipo njia nyingine nayo. Mahindi ni rahisi wakati wa mavuno, na huwa ghali miezi ya njaa. Nyumba iwezayo kununua gunia moja au mawili wakati wa mavuno, na kuyahifadhi yakiwa makavu katika mifuko isiyopitisha hewa, imejiepusha na mkopo wa mwezi wa Februari.

Yako pia mambo yasiyofaa kupunguzwa. Chakula cha watoto, dawa za mgonjwa, ada ya shule, na haki ya mzazi mzee anayewategemea, hayo ndiyo tunayojinyimia mengine ili yapatikane. Kubana matumizi si ubahili. Bahili huwanyima wengine ili azidi kuwa nacho. Mwenye kubana matumizi hujinyima mwenyewe ili wengine wapate haki yao, na mdai ni mmoja wao. Juu ya michango ya arusi, si aibu kumwambia mwenye shughuli: "Ndugu yangu, mwaka huu nina deni, nitakuja na mikono yangu kukusaidia kazi." Na wenye shughuli nao wajifunze kuipokea mikono hiyo kwa heshima ile ile wanayoipokea bahasha.

Katika mfano wetu zilipatikana Sh. 110,000/-, na za kulipa madeni ni Sh. 100,000/-. Zile Sh. 10,000/- zilizobaki hatukuzisahau. Ni akiba, nayo iwekwe tangu mwezi wa kwanza, hata deni lingalipo. Asiye na akiba, mtoto akishikwa na malaria usiku mmoja, asubuhi amerudi kwa mkopeshaji yule yule. Nyumba yetu ya mfano, mwisho wa mwezi wa tano, haina deni, na akiba yake pamoja na baki ya mwezi huo ni Sh. 68,400/-.

Akiba ya mtu mmoja ni ndogo. Ya watu wengi ni ngao. Mwaka 1897, katika Bunge la Kanada, ilisimuliwa habari ya mtu wa Montréal aliyetakiwa kulipa riba ya dola 5,000 kwa mkopo wa dola 150. Alphonse Desjardins, aliyekuwa mwandishi wa taarifa za Bunge, aliguswa na habari hiyo. Mwaka 1900 alianzisha katika mji wake wa Lévis chama cha akiba na mikopo, na vyama vya namna hiyo vikaenea parokia kwa parokia. Mwaka 1955 chama kama hicho kilianzishwa Jirapa, kaskazini mwa Ghana, kwa juhudi za Padre John McNulty. Nchini kwetu tunavyo vyama vya akiba na mikopo, na vikundi vya VICOBA katika mitaa mingi. Nguvu yao ni hii, kwamba akiba hutangulia na mkopo hufuata, na faida hurudi kwa wanachama. Lakini aliye katika vikundi vitatu, akikopa hiki ili akilipe kile, hana akiba. Ana madeni matatu yenye majina mazuri.

Uhuru tunaousema si utajiri. Ni baba kufungua mlango mwenyewe unapobishwa hodi, na mshahara au bei ya mazao kufika nyumbani ukiwa bado ni wa nyumba. Hauji kwa siku moja, lakini huanza siku moja. Daftari ni bei ndogo, na jioni ya leo yatosha kwa ukurasa wa kwanza.