Dondoo Muhimu: Maneno ya Kiingereza yenye Herufi Zinazofanana

Watembeza watalii katika mashamba ya viungo ya Kidichi, Unguja, hukutana na makundi haya ya maneno:

- nut: *nutmeg* ni kungumanga, *coconut* ni nazi, *peanut* ni karanga, *areca nut* ni popoo. *Minute*, yaani dakika, ina herufi hizo lakini haihusiani na kundi hili kimaana.
- ove: *clove* ni karafuu na *stove* ni jiko, yote mawili hutamkwa kwa "ou". *Love*, mapenzi, na *glove*, glavu, hutamkwa kwa "a". *Move*, kusogea, hutamkwa kwa "uu".
- ath: *path* ni njia; *bath* ni hamamu, kama lile la Kidichi lililojengwa na Sultani Sayyid Said mwaka 1850.