Kiti cha Lotofaga: nani ana sauti?

Chukueni karte ya dunia. Pelekeni kidole katikati ya bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Nyuzilandi, mutaona nukta chache ndogo sana. Ile ni inchi ya Samoa. Visiwa vyake vikubwa ni viwili, Savai'i na Upolu, na ku pwani ya kusini ya Upolu kuko kijiji kinaitwa Lotofaga. Sehemu ya uchaguzi yenye jina lile inatuma depite mmoja tu ku bunge. Mtu atauliza: depite mmoja wa kijiji cha mbali vile, sisi anatuhusu nini? Katika somo la uraia tunapenda kusema upesi upesi kwamba "watu wamechagua". Lotofaga inatulazimisha kuuliza: watu gani?

Ku Samoa kila jamaa iko na mkubwa wake, anaitwa matai. Si lazima awe mtoto wa kwanza wa yule aliyekufa. Jamaa wanakaa pamoja, wanajadiliana, pengine wanagombana, kisha wanampa mmoja wao jina la heshima, na pamoja na jina anapokea ulinzi wa udongo wa jamaa. Inchi ilipopata uhuru, tarehe 1 Januari 1962, viti karibu vyote vya bunge vilikuwa na sheria moja: anayesimama ni matai, na wanaochagua ni matai peke yao. Wengine wote, vijana, wamama wengi, hata mzee asiye na jina, walisemewa na matai wao.

Depite wa Lotofaga siku zile alikuwa Fiame Mata'afa Faumuina Mulinu'u II. Jina ni refu, lakini tulifungue kidogo. "Fiame" ni jina la matai la Lotofaga. "Mata'afa" ni moja la majina manne makubwa kupita yote katika inchi. Huyu mzee aliingia bunge mwaka 1957, akawa Waziri Mkuu toka 1959 hata 1970, akarudi 1973, na akafa akiwa kazini katika mwezi wa Mei 1975. Kisha kufa kwake, mjane wake La'ulu Fetauimalemau, mwalimu wa shule, alisimama kwa kiti kile na akashinda. Wakati ule mwanamke ku bunge la Samoa lilikuwa jambo la kushangaza. Miaka kumi ikapita, na mwaka 1985 binti yao Naomi akachaguliwa Lotofaga.

Hapa wengi watasema: basi, ni urithi tu, baba, mama, binti! Sisi tunaona jibu lile ni la haraka. Baba alipokufa, Naomi alikuwa msichana wa miaka 18. Asingeweza kusimama kwa uchaguzi bila jina la matai, na jina la Fiame halikumngojea ku meza kama sahani ya ugali. Watu wengine wa jamaa walilidai, na maneno yakafika ku tribinali. Tribinali ikampa haki, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Ndiyo kusema alipita milango miwili: mlango wa jamaa, kisha mlango wa uchaguzi. Ule wa kwanza ndio mgumu zaidi kwa wamama, na hata leo kuko vijiji vya Samoa visivyokubali mwanamke awe matai.

Sheria ile ya matai peke yao ilizaa ujanja wake. Kama sauti inatoka ku jina, tuongeze majina! Jamaa zingine zikagawa jina moja kwa watu wengi mbele ya uchaguzi, kusudi mtu wao apate sauti nyingi. Wasamoa wenyewe waliwacheka wakawaita "matai palota", maana yake matai wa kura. Heshima ya jina ikaanza kushuka. Ndipo mwaka 1990 inchi nzima iliulizwa, na kwa tofauti ndogo watu wakajibu: wote wenye miaka 21 na zaidi wachague. Uchaguzi wa kwanza wa namna ile ulifanyika mwaka 1991. Lakini angalieni vizuri: kusimama kulibaki kwa matai tu, na ni vile mpaka sasa. Mwaka ule wa 1991 Fiame Naomi aliwekwa waziri wa elimu, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Samoa.

Tunaruka miaka mingi. Katika mwezi wa Septemba 2020, akiwa naibu wa Waziri Mkuu, aliacha kazi kwa kukataa sheria mpya juu ya tribinali ya udongo na majina. Akaenda kuongoza chama kipya, FAST. Uchaguzi wa Aprili 2021 ulitoa viti 25 kwa FAST, 25 kwa chama cha zamani HRPP, na kimoja kwa mtu asiye na chama. Sasa chukueni kalamu. Katiba ilitaka wamama wasipungue kumi kwa mia. Wamama 5 walichaguliwa katika viti 51. Mukigawanya mutaona 9,8 kwa mia. Je, watano wanatosha, ama tuongeze wa sita? Mkubwa wa uchaguzi akaongeza wa sita, wa HRPP. Yule asiye na chama alikwenda kwa FAST, na pande zote mbili zikawa 26 kwa 26! Tribinali ikafuta kiti kile.

Tarehe 24 Mei 2021 wadepite wa FAST walifika ku bunge, wakakuta milango imefungwa kwa ufunguo. Mkubwa wa waamuzi mwenyewe alikwenda mpaka ku mlango, akarudi. Basi Fiame na wenzake wakala kiapo inje, chini ya hema. Tarehe 23 Julai tribinali ya rufani ilisema kiapo kile cha hema ni halali, na Lotofaga ikawa tena na Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika kazi ile.

Haikudumu kwa raha. Mwanzo wa 2025 chama kiligawanyika, mwezi wa Mei bunge likakataa bajeti yake, na uchaguzi ukaitwa kwa tarehe 29 Agosti 2025. Chama kipya alichounda kilipata viti vitatu tu katika inchi nzima. Kimoja cha vile vitatu ni Lotofaga.