Rola Moja, Mafundi Sita

Leo tunasoma habari za chombo kimoja cha mafundi bati. Pengine utasema: mimi nalima mwani Jambiani, mambo ya gereji yananihusu nini? Subiri kidogo. Gari inayokupeleka mjini wewe na gunia lako inakuhusu. Na daftari la kuazimana vyombo linakuhusu zaidi, hata kama chombo chenyewe ni msumeno au bomba la kunyunyizia dawa.

Tuanze na gari. Nenda kwenye gari ndogo iliyosimama na kuzimwa. Juu ya tairi kuna bati lililopinda kama upinde. Hiyo ndiyo madigadi. Pitisha kidole chini ya ukingo wake, taratibu. Utahisi bati limekunjwa kwa ndani, kiasi cha sentimita 1 au 2. Mkunjo huo sisi tutauita mdomo wa madigadi. Kiwandani waliukunja ili bati lipate nguvu lisiyumbe.

Gari ikiwa tupu, mdomo na tairi havikutani. Gari ikijaa watu, na juu yake magunia, springi hubonyea na mwili wa gari hushuka. Hapo mdomo hufika kwenye tairi. Haukati mara moja. Leo unakwaruza, kesho unakwaruza, kila shimo la barabara ni mkwaruzo mmoja. Mwisho mpira huchanika, na tairi likipasuka gari ikiwa mbioni, hata dereva hodari anaweza kushindwa kuishika.

Dalili zake hata abiria anaweza kuzijua. Gari ikiingia shimoni husikika sauti ya kukwaruza upande mmoja. Huja harufu ya mpira ulioungua. Ukichungulia chini ya madigadi utaona rangi ya mdomo imetoka na bati linang'aa. Ukiona hivyo mwambie dereva, wala usione haya. Gari za mbao, zile za kiunzi cha mbao juu ya lori, hazimo sana katika somo hili. Tunasema hizi gari ndogo za bati tupu.

Kwa nini gari ambayo mwaka jana haikukwaruza, mwaka huu ikwaruze? Sababu ya kwanza ni springi zilizochoka. Ya pili ni mzigo kupita kiasi, na hiyo sote tunaijua. Ya tatu ni tairi lisilo saizi yake, na hapa kusoma kwetu kunafaa kazi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba. Tuseme pameandikwa 175/70 R14. Namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Herufi R inaonesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Sasa mwenye gari amepata matairi ya bei nafuu yaliyoandikwa 195/70 R14. Rimu ni ile ile, anasema yatakaa. Kweli yatakaa. Lakini tupige hesabu. Asilimia 70 ya 175 ni 122.5. Asilimia 70 ya 195 ni 136.5. Toa, utapata 14. Basi tairi jipya limesogea juu kuelekea madigadi kwa milimita 14, na upana wake umezidi milimita 20, yaani 10 kila upande. Nafasi iliyokuwepo imeliwa. Kumbe hesabu ya kutoa ingeokoa tairi!

Kwa hivyo dawa ya kwanza si kukunja bati. Dawa ya kwanza ni kutia saizi inayotakiwa, kutengeneza springi na kupunguza mzigo. Mafundi wema husema hivyo hata kama watakosa kazi. Lakini ziko gari ambazo hayo yote yamefanywa na bado mdomo unagusa kidogo, kwa sababu madigadi iligongwa zamani au mdomo ulipinda. Hizo ndizo za kukunjwa. (Wako pia vijana wanaoteremsha gari zao chini kwa mapambo, wakaja kukunja midomo. Hao wana pesa zao, tuwaache.)

Mafundi wengi hukunja kwa nyundo. Wengine hupachika gongo kati ya tairi na bati, kisha gari husukumwa polepole, gongo likaviringika na kulaza mdomo. Njia zote mbili hufanya kazi, lakini bati hutoka na mabonde, na rangi hupasuka. Kipo chombo kilichotengenezwa kwa kazi hii tu. Sisi tutakiita rola. Kina kitako cha chuma kinachofungwa kwa nati pale pale tairi lilipofungwa. Kina mkono unaorefuka na kufupika. Mwisho wa mkono kuna gurudumu dogo la plastiki ngumu, na skrubu ya kulisogeza lilale zaidi au kidogo. Kabla ya kuazima hesabu nati za gari yako. Ziko gari za nati 4 na ziko za nati 5, na kitako lazima kilingane nazo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Magurudumu mengine huzibwa kwa mawe au magogo. Gari huinuliwa kwa jeki, kisha huwekewa vigogo imara au stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Tairi hufunguliwa. Mdomo husafishwa tope na mchanga. Halafu fundi huchukua sumaku ndogo na kuipitisha juu ya madigadi. Sumaku ikishika, hapo pana bati. Ikidondoka, hapo pana puti, basi akikunja puti itabanduka yote. Gari nyingi tunazoletewa zimeshatumika nje, na puti huwemo bila ya sisi kujua.

Baada ya hapo rangi hupashwa moto kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, kwa kuzungusha bila kutua pahala pamoja. Rangi ikiwa baridi ni kama kaki, huvunjika. Ikipata moto hulainika na kufuata bati. Moto ukizidi hufanya malengelenge, basi kiasi. Rola hufungwa, hupelekwa mbele na nyuma kama mtu anayesukuma chapati. Skrubu hukazwa kidogo, hupitishwa tena. Mara tano, mara kumi, bila haraka. Anayekaza yote kwa mara moja atauona ukuta wa nje umetuna, na kuurudisha ni kazi ya siku nzima.

Kisha kuna kutu. Huku kwetu kisiwani hewa ina chumvi, na magunia ya mwani nayo yana chumvi yake. Madigadi za nyuma mara nyingi ni bati mbili zilizoshikanishwa, na katikati yake mna dawa ya kuzibia maji. Ukikunja, dawa hiyo hupasuka. Maji ya chumvi yakiingia hapo, mwaka haupiti bati litakuwa kama chujio. Kwa hiyo fundi apake dawa mpya ya kuzibia, na penye mchubuko apige msasa na rangi ya kuzuia kutu siku ile ile. Mwenye gari usikubali kuambiwa njoo wiki ijayo.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili.

Gari haziwezi kuingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, basi gereji nyingi ziko upande wa Ng'ambo. Katika mtaa mmoja huko tunawajua mafundi sita. Rola ni chombo cha kazi moja. Fundi mmoja hukihitaji mara mbili tatu kwa mwezi, siku nyingine zote kinakaa. Hakuna aliyeona maana ya kununua peke yake. Wakachanga. Tuseme bei ilikuwa shilingi 240,000. Gawa kwa 6, kila mmoja hutoa 40,000. Huo ni ule ule mwendo wa kikoa tunaoujua sote, ila hapa kinacholiwa ni chuma.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mtu akihitaji anatuma mtoto: "Nenda kwa fundi kaniletee rola." Hakuna kilichoandikwa. Siku moja ikaja gari ya abiria inayokwenda shamba, mdomo unakwaruza kulia nyuma. Rola haipo. Wa kwanza akasema nimempa wa pili. Wa pili akasema nilirudisha kwa wa tatu. Wa tatu alikuwa msibani Pemba. Dereva akangoja siku mbili, watoto wake wanataka kula, akasema, "Basi mie nakwenda hivi hivi." Karibu na Kitogani tairi likapasuka. Alhamdulillahi alikuwa mwendo mdogo na gari haikupinduka. Abiria, wengi wao kina mama waliotoka kuuza mjini, walisimama mvuani karibu na msitu mpaka ikapatikana gari nyingine.

Rola ilionekana baada ya wiki. Ilikuwa chini ya benchi katika gereji ya nne, gurudumu lake limepasuka. Nani aliyelipasua? Kila mtu aliapa. Mafundi wawili waliacha kuamkiana.

Aliyewapatanisha ni mama mmoja anayeuza urojo kwenye baraza mbele ya gereji zile. Amemaliza kisomo, na huandika madeni ya wateja wake kwenye daftari. Akawaambia, "Wanangu, bakuli zangu thelathini hutoka kila jioni na hurudi thelathini. Nyinyi chombo kimoja kimekushindeni?" Wakamwomba akae yeye na rola, kwa kuwa hahami pahala pake. Akakubali kwa sharti moja: asiyeandika hachukui.

Daftari lake tumeliona. Kila safu ina tarehe, jina la anayechukua, vitu anavyochukua (rola, mkono, nati 4), hali ya vitu hivyo, siku ya kurudisha, na sahihi. Kikirudi, mama hukikagua mbele ya mrudishaji na kuandika tena hali. Fundi asiyejua kuandika hutia dole gumba, na mama humsomea kilichoandikwa kabla hajatia. Ambaye jina lake ni la mwisho ndiye mwenye dhamana, hata kama amemwazima rafiki yake njiani. Kila matumizi hulipiwa shilingi 2,000 kwenye kibweta. Mwezi wa matumizi 8 huleta 16,000, na ndizo zilizonunua gurudumu jipya.

Mwezi uliopita skrubu ya rola ilirudi imepinda. Mama akafungua daftari, akasoma kwa sauti: ilitoka nzima, jina hili, tarehe hii. Mwenyewe akacheka, akatoa pesa. Hakuna aliyeapa.

Zoezi:

Soma namba za tairi la gari moja kijijini kwako, uziandike, na upige hesabu ya kimo cha ubavu kama tulivyofanya hapo juu.

Taja chombo kimoja mnachoazimana mtaani kwenu. Andika safu moja ya daftari kwa chombo hicho. Usisahau hali yake kinapotoka na hali yake kinaporudi.

Jadilianeni: ikiwa chombo kimeharibika kwa uchakavu, si kwa uzembe, alipe nani? Mafundi wale sita bado wanabishana juu ya hilo.