Filme ya Diapo Iliyokufa na Kurudi



Wale waliosafisha kabati ya chumba cha walimu walikuta sanduku ya diapo za zamani. Wakatuuliza: hivi vipicha vidogo ndani ya karatasi ngumu ni nini, na juu ya nini vingine vimekuwa vyekundu vyote? Tuliahidi kujibu katika gazeti hili. Jibu limekuwa refu kidogo, kwa sababu tulipotafuta tulikuta kwamba moja ya filme hizo ilikufa, kisha ikarudi, na wapiga picha wa Marekani na Ulaya walibishana sana juu yake.

Tuanze na filme yenyewe. Filme ya rangi ambayo watu wengi wanajua inatoa negative: mahali peupe panaonekana peusi, na rangi zinageuka. Lazima labo itengeneze picha nyingine juu ya karatasi. Filme ya diapo iko tofauti. Kile kipande kilichokuwa ndani ya apareyi njo picha yenyewe. Unakiinua mbele ya dirisha na unaona nguo ya bluu ni ya bluu kweli. Ukikiweka ndani ya projekta, kipande cha milimita 24 kwa 36 kinajaza ukuta mzima.

Namna gani inawezekana? Filme iko na tabaka tatu: moja inapokea mwanga wa bluu, nyingine wa kijani, nyingine mwekundu. Katika labo wanaiosha kwanza sawa vile filme nyeusi na nyeupe, na hapo negative ya madini ya feza inatokea. Alafu wanaigeuza kwa dawa, hata ile sehemu ambayo haikuguswa na mwanga sasa inakubali kuoshwa, na rangi inazaliwa pale pale. Mwisho wanaondoa feza yote. Kinachobaki ni rangi tupu.

Kwa hiyo diapo haina mtu wa kuitetea. Kwenye negative, ukikosea kipimo cha mwanga, mtu wa labo anaweza kukusaidia wakati wa kutoa picha. Kwenye diapo, ukizidisha mwanga kidogo tu, uso wa mtu unakuwa mweupe sawa chokaa, na umekwisha. Wapiga picha wengi wanasema kwamba diapo njo iliyowafundisha kazi.

Sasa historia. Kampuni ya Kodak ya Rochester, Marekani, ilianza kuuza Kodachrome mwaka 1935. Walioigundua, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, walikuwa watu wa muziki! (Wale wanaosema kwamba mwimbaji hawezi kujua kemia wasome tena.) Lakini Kodachrome ilikuwa na shida: viungo vya kuzaa rangi havikuwa ndani ya filme, vilitiwa katika labo, kwa kazi ndefu na ngumu. Labo kubwa tu ziliweza. Katika miaka ya 1940 Kodak ikaleta Ektachrome, ambayo viungo hivyo vimo ndani yake tayari. Labo ndogo iliweza kuiosha, na hata mpiga picha nyumbani kwake, akiwa na maji ya moto yenye kipimo sawasawa.

Kisha zikaja apareyi za nambari, zisizohitaji filme. Kodak iliacha kutengeneza projekta za diapo mwaka 2004. Mwaka 2009 ilitangaza mwisho wa Kodachrome, na labo ya mwisho duniani, katika muji mdogo wa Parsons huko Kansas, ilipokea filme hizo mpaka tarehe 30 Desemba 2010. Aliyechelewa akabaki na filme asiyeweza kuiosha vile ilivyopaswa. Mnamo Januari 2012 Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa tribinali kwa sababu ya madeni, na Machi mwaka ule ule ikasema kwamba Ektachrome nayo inakwisha. Watu wakanunua zilizobaki na kuziweka ndani ya frigo.

Miaka mitano ikapita. Januari 2017, katika maonyesho makubwa ya Las Vegas, Kodak ikatangaza: Ektachrome itarudi, mwisho wa mwaka huu. Munaweza kufikiri furaha ile! Lakini wengine walikataa kufurahi, na sisi tunaona walikuwa na haki. Kwanza, walikuwa wamekwisha kudanganyika kwa matumaini. Mwaka 2014 wafufuaji wa kiwanda cha Ferrania, huko Italia, waliomba watu mchango ili watengeneze filme ya diapo. Wakapata zaidi ya dola 300.000. Kilichotoka mwaka 2017 ni filme nyeusi na nyeupe, na miaka mingi ikapita bila ile ya diapo. Pili, waliuliza: nani ataiosha? Labo nyingi zilikuwa zimefunga mlango. Filme bila labo ni mbegu bila udongo. Tena bei itakuwa gani, na kampuni ikiona faida ndogo haitatuacha mara ya pili?

Mwisho wa 2017 ukafika, filme haikufika. Kazi ilikuwa ngumu kushinda vile watu walifikiri. Viungo vingine havikutengenezwa tena na mtu yeyote, ikabidi watafute vingine na kujaribu upya. Na filme haitengenezwi moja moja: mashine inapaka tabaka juu ya rolo pana sana, gizani, na kosa moja linaharibu rolo nzima. Hata vile, Septemba 2018 Ektachrome E100 iliingia madukani, na mwisho wa 2019 zikafuata za apareyi kubwa.

Wenye mashaka walishindwa basi? Si kabisa. Wengine walikuwa wakingoja Kodachrome nayo, kwa sababu mkubwa mmoja wa Kodak alisema mwaka 2017 kwamba wanachunguza jambo hilo. Haikurudi, na mutajua sababu mukikumbuka habari ya labo zake. Bei nayo imepanda: siku hizi filme moja ya picha 36 inapita dola 20 huko Marekani. Wa kilasi ya kwanza wafanye hesabu: kila picha inapita nusu dola, kabla ya kulipa labo. Kwa upande mwingine, watu wa sinema waliisaidia. Sehemu ya pili ya Euphoria, iliyoonyeshwa kwenye televizyo mwaka 2022, ilipigwa kwa sehemu juu ya Ektachrome, na kazi moja ya namna hii inakula filme nyingi kushinda wapiga picha wengi pamoja.

Turudi kwenye kabati yetu. Musome maandishi juu ya karatasi ya kila diapo. Zile za Kodachrome, zikikaa gizani, zinashika rangi miaka mingi sana. Ektachrome za kwanza kwanza zilikuwa dhaifu: bluu na kijani zinakwenda, wekundu unabaki. Tulihesabu diapo 61 zenye rangi nzuri na 23 nyekundu. Taa ya projekta imeungua, lakini dirisha la upande wa mashariki linatosha, saa mbili ya asubuhi. Mukuje wawili wawili, na mushike pembeni tu, si katikati.