Povu: Maana, Matumizi na Asili ya Neno, kwa Mifano kutoka Kaloleni, Arusha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza neno povu kwa kuzingatia mazungumzo ya kawaida katika kata ya Kaloleni, Arusha, mahali ambapo Kiswahili hukutana kila siku na Kimaa cha Waarusha, Kimeru, Kichaga na lugha nyinginezo. Hoja yetu ni kwamba povu si jina la kitu tu, bali ni jina la dalili. Msemaji anapolitaja, aghalabu hudokeza jambo linalotendeka ndani, lisiloonekana kwa macho. Fasili inayoiacha sifa hiyo huwa pungufu.

2.0 Maana na matumizi

Maana ya msingi ya povu ni mkusanyiko wa viputo vya hewa juu ya kimiminika. Neno hili limo katika ngeli ya LI-YA. Umoja hulichukulia kama tungamo moja, ilhali wingi, mapovu, husisitiza kiasi. Tuangalie mifano ifuatayo:

(a) Maji haya ya chumvi hayatoi povu. Sabuni itaisha bure.
(b) Mbege imeanza kutoa povu.
(c) Punguza moto, maharage yanatoa povu.
(d) Tangu timu yake ifungwe, povu linamtoka.
(e) Ameanguka, anatokwa na povu mdomoni.

Katika (a) povu ni kipimo cha sabuni kufanya kazi. Katika (b) ni ishara kwamba ulezi na ndizi vinachachuka na kutoa gesi. Katika (c) ni onyo kwamba chungu kitafurika. Mfano wa (d) ni sitiari: hasira imechemka ndani, na maneno yanayotoka ni mengi kuliko uzito wake. Matumizi haya yalienea sana katika mitandao ya kijamii miaka ya 2010, lakini msingi wake ni ule ule wa chungu na mtungi.

3.0 Asili

Sabuni ni neno lenye asili ya Kiarabu, na bia limetoka Kiingereza. Povu linalotokana na vitu hivyo halikukopwa pamoja navyo. Hata kiwanda cha magodoro cha Tanfoam, kilichopo Arusha, kina neno la Kiingereza katika jina lake, lakini wanunuzi husema godoro la sponji. Neno hilo la Kiingereza lingetoholewa, lingegongana na fomu, yaani karatasi ya kujazwa.

Kisawe cha povu ni fuo, neno ambalo sasa husikika kwa nadra. Hili lina ukoo unaofuatilika vizuri katika Kibantu. Linganisha Kinyarwanda na Kiswahili: ukuguru na mguu, ijuru (mbingu) na juu, ifuro na fuo. Mahali penye r katika Kinyarwanda, Kiswahili kimedondosha konsonanti. Fuo, kwa hiyo, si povu lililoharibika matamshi, bali ni neno la kurithi linalostahili kuhifadhiwa.

Aidha, povu hutamkwa pia pofu. Umbo hili la pili lina utata, kwa kuwa pofu ni jina la mnyama wa porini na pia ni shina la neno kipofu. Umbo la povu huondoa utata huo.

4.0 Povu kama dalili inayosomwa vibaya

Mfano wa (e) unahitaji uangalifu wa pekee. Huko Mahenge, ambako Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilionekana kwamba watu waliogopa kumgusa mgonjwa kwa kuamini kuwa mate yake huambukiza. Imani hiyo imeripotiwa pia kwingineko nchini, nayo humwacha mgonjwa aliyeangukia motoni au majini bila msaada. Ukweli ni kwamba povu la kifafa ni mate yaliyochanganyika na hewa, kwa sababu mgonjwa hawezi kuyameza wakati huo. Haliambukizi kifafa. Mgonjwa alazwe kwa ubavu, aondolewe penye hatari, wala asitiwe kitu mdomoni.

Kwa upande mwingine, mate ya mbwa mwenye kichaa, yawe na povu au yasiwe nalo, hubeba virusi vinavyoua. Aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hupelekwa hospitali mara moja kupata chanjo. Neno ni moja, lakini yanayodokezwa nalo yanapingana.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba matumizi ya povu, kuanzia beseni la kufulia hadi hasira, yanaunganishwa na dhana ya dalili. Inapendekezwa kwamba watunga kamusi waingize dhana hiyo katika fasili, na kwamba povu la kinywani lipewe maelezo yake pekee. Mwalimu anayefundisha neno hili atakuwa amefundisha nusu tu iwapo mwanafunzi hatajua ni povu lipi la kuogopa na lipi la kumkaribia mwenzake nalo.