Chanjo ya mafua kwa mtoto: ninavyowajibu wazazi wenzangu Kintinku

Baridi ya Juni ikianza na upepo kuvuruga vumbi, akina mama wenzangu hapa Kintinku huniuliza: ipo chanjo ya mafua ya watoto?

Ipo, ila haimo katika ratiba ya chanjo ya taifa, kwa hiyo kliniki ya kawaida hutaikuta. Kwa kawaida hupatikana kwa kulipia, katika baadhi ya hospitali binafsi za miji mikubwa. Huanza mtoto akitimiza miezi 6. Aliye chini ya miaka 9 akichanjwa mara ya kwanza hupewa dozi 2 zinazopishana wiki 4, kisha hurudia kila mwaka kwa kuwa virusi vya influenza hubadilika. Haimkingi na kila kamasi. Na sindano hiyo haimpi mtoto mafua, maana virusi vyake vimeuawa.

Mwenye uwezo ampeleke. Lakini sitamshauri mama auze mbuzi kwa ajili ya nauli na sindano hiyo wakati kadi ya kliniki ina nafasi tupu. Tunachokiogopa hasa ni nimonia, na kinga dhidi yake tunazo hapa hapa, bure. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto huchomwa Penta, ambayo ndani yake imo kinga ya bakteria aitwaye Hib, pamoja na chanjo ya nyumokoko, iliyoingia katika ratiba yetu 2013. Miezi 9 na miezi 18 ni surua-rubela. Surua nayo huacha nimonia nyuma yake. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wengi huisahau, kwa kuwa mtoto keshatembea na anaonekana mzima.

“Ana mafua, si nisubiri apone?” Usisubiri. Mafua mepesi na kikohozi havizuii chanjo. Akiwa na homa kali mpeleke vilevile, apimwe malaria na atibiwe. Muuguzi ataamua kuhusu sindano.

Nyumbani mnyonyeshe mara nyingi, mpe vinywaji kama amefikia umri wa kunywa, msafishe pua, na mtoe jikoni penye moshi wa kuni. Asali asipewe aliye chini ya mwaka, na aspirini asipewe mtoto kabisa. Vidonge vya antibayotiki vya dukani haviui virusi, basi hela hiyo iache.

Kisha jifunze kuhesabu pumzi. Ninafanya hivi: nasubiri mtoto atulie, asilie wala asinyonye, namfunua kifua, naweka saa ya simu, nahesabu dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Tazama pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, kama amekataa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege. Ukiona mojawapo, usingoje kukuche. Amsha jirani mwenye pikipiki muende kituo cha afya usiku huo huo.

Mzazi mwenzangu, itoe kadi leo uisome. Kama nafasi ya miezi 18 iko tupu na umri umepita, bado mpeleke, atachanjwa.