Zimwi la Frankenstein na Mpaka wa Kisasi



Wengi wetu tunalijua jina Frankenstein kupitia filamu, na tunadhani ni jina la zimwi. Katika riwaya ya Mary Shelley, iliyotoka London mwaka 1818, hilo ni jina la Victor, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeunganisha viungo vya maiti, akapata kiumbe hai, kisha akakikimbia. Kiumbe chenyewe hakina jina.

Husemwa kwamba kosa la Victor ni kutaka kuumba, jambo lililo la Allah (s.w.) peke yake. Ni kweli, lakini naona kilichoifanya riwaya idumu zaidi ya miaka 200 ni kosa la pili: alikitelekeza alichokitengeneza. Ndiyo maana watu hulitaja jina hilo kila wanapoogopa kazi ya mikono yao, iwe mazao yaliyobadilishwa vinasaba au akili bandia. Nasi tunayo hadithi ya mchunga, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayotufundisha kuwa kila mmoja ataulizwa juu ya alichokabidhiwa.

Athari iliyonigusa zaidi inatoka Iraq. Mwaka 2013 Ahmed Saadawi alichapisha kwa Kiarabu riwaya ya Frankenstein mjini Baghdad, iliyoshinda Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu mwaka 2014. Hadi, mnunuzi wa vitu chakavu, anaokota viungo vya waliouawa kwa mabomu na kuvishona viwe mwili mmoja, ili vipate heshima ya kuzikwa. Mwili unaamka na kuanza kuwalipizia kisasi wenye viungo. Kila mmoja akishalipiziwa, kiungo chake kinaoza. Mwili unahitaji nyama mpya, na hatimaye unaua hata wasio na hatia.

Hapa riwaya inakutana na somo letu la fiqhi. Surat al-Israa, aya ya 33, inampa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma, na papo hapo inamkataza kupindukia katika kuua. Al-Baqara, aya ya 178, inafungua mlango wa msamaha na diya. Saadawi anaonyesha mpaka huo ukivunjwa: haki ya marehemu inageuka kisingizio cha kuongeza marehemu.

Basi tusome riwaya hizi, na Qur'an iwe pembeni. Na tukimsikia mtu akidai kulipiza kwa niaba ya waliokufa, tumuulize: nani amekupa hukumu, na utakoma wapi?

Wallahu a'lam.